Ngazi ya Nyuma si Pambo

Imekuwa desturi siku hizi, kila lipitapo gari la juu la familia lililofungwa ngazi katika mlango wake wa nyuma, watu kutoa hukumu moja tu, nayo ni kwamba mwenye gari hilo anajionyesha. Husemwa kuwa ngazi ile ni pambo, ni mikogo ya mtu wa mjini atakaye kudhaniwa msafiri wa nyika. Husemwa kuwa hajapata kuipanda wala hataipanda. Na tena husemwa, hata na baadhi ya mafundi, kuwa inaharibu bodi, inawaalika wezi, na inamziba dereva asione nyuma. Kauli hizi zimekwisha enea hata zimechukuliwa kuwa jambo lililothibiti, na wapo watu wenye haja ya kweli ya ngazi ambao wameiacha kwa kuogopa midomo ya majirani. Mimi nimeishi na ngazi ya namna hiyo katika gari la nyumbani kwangu, nimeipanda juani na mvuani, na nasema bila ya kusita kuwa hukumu hiyo haina insafu. Ngazi ya nyuma ni sehemu ya ufungaji wa mzigo, na mzigo usiofungwa vema juu ya gari ni hatari kwa waliomo ndani yake na kwa kila anayewafuata barabarani.

Tuanze na asili ya haja yenyewe. Familia ya Afrika Mashariki haisafiri mikono mitupu. Mwishoni mwa Desemba, barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi, yenye urefu wa takribani kilomita 550, ikipita Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo na Same, hujaa magari ya watu wanaokwenda kwao Kilimanjaro kwa sikukuu. Na atakayesimama kando ya barabara hiyo akayatazama ataona juu ya mapaa yao masanduku, magodoro, maturubai yaliyofunika vyombo, na baiskeli za watoto. Yanaporudi mjini, mahali pa masanduku pameshikwa na mikungu ya ndizi na magunia ya maharage na mahindi, kwa kuwa bibi na babu hawakubali wajukuu waondoke bila ya chochote. Hali ni hiyo hiyo kwa atokaye Nairobi kwenda Kakamega, na kwa atokaye Mombasa kwenda kumzika jamaa yake bara. Gari la viti saba, viti vyote vikikaliwa, halibakizi nyuma ya kiti cha mwisho ila nafasi ya mikoba michache. Basi hapana budi mzigo upande juu, kwa sababu mahali pengine pa kuuweka hapapo.

Na juu hapo si karibu. Paa la Toyota Land Cruiser Prado linakaribia mita 1.9 kutoka ardhini, na ikiisha fungwa keria juu yake, mtu wa kimo cha kawaida aliyesimama chini hawezi hata kuiona sakafu ya keria hiyo, sembuse kuufikia mzigo ulio katikati. Aliyeyaunda magari haya ameweka reli juu ya paa ili zibebe, lakini mara nyingi hakuweka njia ya kuzifikia reli hizo. Kulijaza pengo hilo ndiyo kazi ya ngazi.

Wazee wetu hawakuona la ajabu katika jambo hili. Mabasi ya zamani, yaliyobeba mizigo ya abiria juu ya paa, yalikuwa na ngazi ya chuma nyuma, na utingo aliipanda kila kituo kushusha tenga la huyu na kupandisha gunia la yule. Hakuna abiria aliyemshutumu mwenye basi kuwa amelipamba. Hali kadhalika, msafara wa mashindano ya Camel Trophy ulipopita Tanzania hadi Burundi mwaka 1991, magari yake ya Land Rover Discovery yalikuwa na keria juu na ngazi nyuma ya kuifikia. Na ikumbukwe kuwa Discovery, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, ilikusudiwa kwanza kuwa gari la familia. Iweje basi chombo kile kile, kikiwa katika basi au katika msafara kihesabiwe kuwa cha lazima, na kikiwa katika gari la baba na mama na watoto wao kihesabiwe kuwa riya? Mzigo haujui aliyeufunga ni utingo au ni mwalimu wa shule. Upepo unaoupiga ni mmoja.

Hebu tuangalie namna anavyopanda mtu asiye na ngazi, maana hapo ndipo ilipo roho ya shauri hili. Mmoja hukanyaga tairi la nyuma, ambalo juu ni mviringo, na wakati wa masika lina tope. Mwingine hufungua mlango wa abiria akasimama juu ya kizingiti chake, mkono mmoja ukishika keria na wa pili ukitafuta ncha ya kamba, ilhali mgongo wake uko hewani. Wa tatu hukanyaga bampa, ambayo katika magari ya leo aghalabu ni plastiki iliyopakwa rangi, isiyokusudiwa kubeba uzito wa mtu mzima. Wa nne, ajidhaniaye mwangalifu kupita wenziwe, huleta stuli ya jikoni akaisimamisha juu ya changarawe. Watu hawa wanne wanaweza kuteleza, na kuanguka kutoka kimo hicho kwaweza kumvunja mtu mkono au nyonga. Lakini hata wasipoteleza, wote wana taksiri moja, nayo ni kwamba hawakioni kile wanachokifunga. Hufika pembeni tu. Kamba huirusha upande wa pili kwa kubahatisha, fundo hulipiga pale mkono unapofika wala si pale panapostahili, na mzigo wa katikati huachwa ujishikilie wenyewe kwa uzito wake.

Mwenye ngazi husimama imara, kifua chake kikiwa sawa na keria, mkono mmoja ukishika na mwingine ukifanya kazi. Huona kama gunia limelala au limesimama, kama turubai limekunjwa ncha zake au limeachwa wazi lipokee upepo, kama kamba imepita juu ya kona kali itakayoikata. Tofauti iliyopo baina ya watu hao si ya ushujaa wala ya akili. Mmoja amepewa mahali pa kusimama, na mwenzake hakupewa.

Fauka ya hayo, kazi ya kufunga mzigo haimaliziki nyumbani. Kila mzigo hubadilika njiani: magunia hushuka na kukaa, magodoro hubonyea, na kamba zenyewe hazibaki kama zilivyofungwa. Kamba ya katani hukaza ikilowa, kisha ikikauka hulegea. Kamba ya nailoni hurefuka inapolowa na inapovutwa. Aliyefunga kamba zake alfajiri Dar es Salaam, zikaloweshwa na manyunyu ya Korogwe na kukaushwa na jua la Same, anabeba mzigo uliofungwa kwa namna nyingine kabisa na ile aliyoiacha nyumbani, ingawa yeye hajagusa kitu. Ndiyo maana msafiri mwenye busara husimama, akapanda, akakaza. Na hapa ndipo ngazi inapotoa faida yake kubwa kuliko zote, maana binadamu hukagua kilicho rahisi kukagua na huahirisha kilicho kigumu. Penye ngazi, kupanda na kushika mafundo yote ni kazi ya dakika mbili watoto wakinywa maji; pasipo ngazi, dereva hutazama juu, akasema kuwa naona pako sawa, akaendelea. Masanduku na magodoro yanayookotwa kando ya njia kuu hayakuanguka kwa sababu wenyewe hawakuyafunga. Yalianguka kwa sababu hakuna aliyepanda tena kuyatazama.

Sasa tuzijibu hoja za wapinzani, moja baada ya moja, kwa maana zinastahili jibu.

Hoja ya kwanza ni kwamba mwenye ngazi haipandi ila mara chache kwa mwaka, kwa hiyo ni israfu. Hoja hii inapima kitu kwa idadi ya siku za kutumika, na kipimo hicho si sahihi. Tairi la akiba laweza kumaliza mwaka mzima bila ya kuguswa, na pembetatu za tahadhari zaweza kuzeeka ndani ya buti, wala hatumwiti mtu mpuuzi kwa kuwa navyo. Chombo cha usalama hupimwa kwa uzito wa jambo kinalolizuia, si kwa wingi wa siku zake za kazi. Nakiri kuwa wapo waliofunga ngazi katika gari lisilo na keria wala reli, ngazi isiyoelekea popote. Hiyo kwa hakika ni pambo, na sina neno la kuitetea. Lakini kosa la mmoja haliwi hukumu ya wote.

Hoja ya pili ni kwamba ngazi huharibu bodi. Hapa pana kweli nusu, na kweli nusu hudhuru kuliko uongo. Ngazi hufungwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kutoboa bati la mlango kwa keekee na kupitisha bolti. Na kila tundu lililotobolewa, rangi ikiisha kuvunjika na chuma kikaachwa wazi, ni mlango wa kutu, hasa kwetu sisi wa pwani ambako hewa yenyewe ina chumvi. Njia ya pili ni kuibana ngazi kwenye kingo za mlango kwa vibano vyenye raba, bila ya kutoboa popote. Ngazi zilizoundwa mahususi kwa aina fulani ya gari, kama Prado au Pajero, nyingi ni za njia hii ya pili, na zikifungwa vema huweza kuondolewa bila ya kuacha alama. Basi kinachostahili kulaumiwa ni keekee iliyotumiwa pasipo haja. Na tuseme vilevile juu ya chuma chenyewe: mafundi wetu wa Gerezani, Dar es Salaam, na wa Kariobangi, Nairobi, wana ustadi wa kuunda ngazi kwa bomba, na kazi yao hudumu, ila ngazi ya bomba la chuma huwa nzito, na huota kutu upesi palipochomelewa pasipopakwa rangi ya kuzuia. Ngazi ya alumini ni nyepesi, aghalabu kilo chache tu, lakini nayo isigusane uso kwa uso na chuma cha gari, kwa sababu madini mawili mbalimbali yakikutana penye maji ya chumvi, moja huliwa na mwenzake. Raba baina yao haigharimu kitu. Tena vibano vikazwe upya baada ya safari za mwanzo, maana ngazi inayogongagonga ni ngazi iliyolegea, nayo ndiyo ikwaruzayo rangi.

Wengine huongeza kuwa bawaba za mlango hazitauweza uzito huo. Mlango wa nyuma wa Prado nyingi, na wa Pajero, hufunguka kwa ubavu, na wa Pajero hubeba mgongoni tairi la akiba ambalo pamoja na rimu yake lina takribani kilo 30. Mlango wa namna hiyo hautavunjwa na ngazi ya alumini, hasa ikifungwa karibu na upande wa bawaba. Mlango ufungukao kwenda juu ni jambo jingine: hushikiliwa na shoki za gesi zilizopimwa kwa uzito wa mlango peke yake, na ukiongezwa uzito shoki zilizochoka hushindwa, mlango ukamshukia mtu kichwani. Mwenye gari la namna hiyo apate shoki zenye nguvu zaidi au aiache ngazi. Na sharti moja ni la magari yote: mtu asipande ngazi mlango ukiwa wazi, kwani mlango uliofungwa hupeleka uzito wake kwenye bodi nzima, na ulio wazi huutupa wote juu ya bawaba.

Hoja ya tatu ni ya wezi na watoto. Ama mwizi, hahitaji ngazi. Aliyekusudia kukata kamba za mzigo atakanyaga tairi kama wakanyagavyo wenye mzigo, na dawa yake ni kutoacha mzigo juu usiku. Ama watoto, hofu hiyo ni ya kweli, kwa sababu mtoto hudandia kila kinachodandika, na gari likiondoka taratibu uani dereva hamwoni aliye nyuma. Walakini watoto walidandia bampa na tairi la akiba kabla ya ngazi kuwapo. Vipo vibao vya kufunika vipago vya chini na kutiwa kufuli, na ipo tabia ya kuzunguka gari kabla ya kuliwasha, ambayo ni wajibu wa kila dereva mwenye watoto, awe na ngazi au asiwe nayo.

Hoja ya nne ni ya kuona nyuma. Ngazi iliyo katikati ya kioo, au ipitayo mbele ya kamera, au inayozuia waipa, au inayofunika taa na kibao cha namba, ni ngazi mbaya, na askari wa usalama barabarani ana haki ya kumsimamisha mwenyewe. Lakini ngazi iliyoundwa kwa gari lake hukaa ubavuni mwa mlango, mbali na taa na namba, na milingoti yake miwili myembamba haimfichi dereva hata robo ya kile anachofichwa na vichwa vya watoto watatu waliokaa kiti cha nyuma. Wale wasemao kuwa ngazi hula mafuta nao wajue kuwa imekaa nyuma ya gari, katika kivuli cha upepo; kinachokula mafuta ni keria na mzigo ulio juu yake, vinavyopambana na upepo uso kwa uso.

Imebaki hoja ya tano, ambayo mimi naiheshimu kuliko zote: kwamba ngazi humshawishi mtu kupakia kupita kiasi. Magari mengi ya familia yameruhusiwa kubeba juu ya paa, yakiwa mwendoni, kilo 75 hadi 100 tu, na uzito wa keria yenyewe umo ndani ya hesabu hiyo. Na watu wengi waliobeba magunia mawili ya mahindi juu ya paa hawajui kuwa wameshavuka mpaka. Uzito uliopanda juu huinua kitovu cha uzito wa gari zima, na gari ambalo tangu hapo ni refu huwa jepesi kupinduka penye kona au dereva anapokwepa ng'ombe. Manahodha wetu walilijua hili tangu kale, ndiyo maana bidhaa nzito waliitia ngamani na sitahani wakaacha nyepesi. Basi gunia la mahindi likae ndani, chini, karibu na ekseli, na godoro na masanduku ya nguo yapande juu. Lakini mtu asiyejua sheria hiyo atapakia kupita kiasi hata bila ya ngazi, kwa kuwa vijana wa kurusha magunia hawakosekani katika soko lolote. Na alipakialo bila ya ngazi atalifunga vibaya pia, likawa ovu juu ya ovu. Tiba ya ujinga wa uzito ni maarifa ya uzito. Kumnyima mtu mahali pa kusimama hakumfundishi kupima.

Wapo pia wanaoshauri kuwa na kikanyagio kidogo cha kutundika kwenye komeo la mlango, au ngazi ya kukunja iwekwayo ndani. Vyote viwili ni bora kuliko tairi lenye tope, na asafiriye mara moja kwa mwaka na sanduku moja vyaweza kumtosha. Lakini kikanyagio kina kipago kimoja, nacho humsimamisha mtu ubavuni mwa gari, penye magari yapitayo kwa kasi; na ngazi ya kukunja hudai ile ile nafasi ndogo iliyobaki ndani, tena aghalabu hufukiwa chini ya mizigo saa ile inapohitajiwa.

Hukumu yangu basi ni hii. Asiyebeba kitu juu ya gari asifunge ngazi. Abebaye, na gari lake ni refu, na familia yake husafiri nalo kwenda mbali, na aifunge bila ya haya: iliyo ya gari lake, ya vibano na si ya kutobolewa, yenye kikomo cha uzito kinachomzidi yeye mwenyewe. Aipande mlango ukiwa umefungwa, viungo vitatu vya mwili wake vikishika daima, na mzigo apewe na mtu aliye chini wala asipande nao begani. Mafundi nawaomba wamuulize mteja atabeba nini kabla ya kushika keekee. Na jirani aliyezoea kucheka, nami namwomba jambo moja: akiona ngazi nyuma ya gari la mwenzake, aangalie kwanza kamba zilizo juu yake zimefungwa namna gani, ndipo aseme.